Utegemezi Uliovunjika wa Vifurushi vya Programu katika Mfumo Endeshi wa Debian: Visababishi, Utambuzi na Urekebishaji

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna utegemezi baina ya vifurushi vya programu unavyovunjika katika mfumo endeshi wa Debian na namna unavyorekebishwa. Hoja yake kuu ni kwamba ujumbe wa kosa unaofanana hufunika aina tatu za uharibifu zenye asili tofauti, na kwamba tiba ya aina moja huweza kuzidisha nyingine. Kwa sababu hiyo utambuzi umetangulizwa kabla ya amri. Visa vitatu vinachambuliwa: kujaa kwa sehemu ya diski ya /boot, maktaba ya OpenSSL iliyopitwa na wakati, na tukio la Pop!_OS la Novemba 2021.

1.0 Utangulizi

Mradi wa Debian ulianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Programu yake ya kusimamia vifurushi, dpkg, ilianza kuandikwa mwaka 1994, na zana ya APT, inayokaa juu ya dpkg na kushughulikia utafutaji na upakuaji, iliingia katika toleo rasmi la Debian 2.1 mwaka 1999. Ubuntu, Linux Mint, Pop!_OS na Raspberry Pi OS zimerithi jozi hiyo. Kwa hiyo yanayosemwa hapa kuhusu Debian yanahusu pia idadi kubwa ya seva na kompyuta za mezani ambazo wasimamizi wake huenda hawajawahi kusakinisha Debian yenyewe.

Kifurushi ni faili moja lenye mambo mawili: mafaili ya programu, na maelezo yanayosema programu hiyo inahitaji nini ili ifanye kazi. Uhitaji huo ndio utegemezi. Katika sarufi ya Kiswahili, kishazi tegemezi hakijitoshelezi mpaka kiandamane na kishazi huru. Kifurushi tegemezi nacho hukaa diskini kikiwa kamili kwa umbo lakini hakina kazi mpaka kile kinachokitegemeza kiwepo, tena kwa toleo linalokubalika. Tofauti ni kwamba katika sarufi kishazi tegemezi mara nyingi huwa na kishazi huru kimoja, ilhali kifurushi huweza kuwa na vitegemezo vingi, na kila kimoja kati ya hivyo huweza kuwa na vyake.

2.0 Utegemezi unavyotamkwa na unavyohifadhiwa

Mfungashaji wa kifurushi hutamka uhusiano wake na vifurushi vingine kupitia sehemu maalumu za maelezo. `Depends` hutaja vile ambavyo lazima viwe vimesanidiwa kabla ya kifurushi chenyewe kusanidiwa. `Pre-Depends` ni kali zaidi: hutaka vitegemezo viwe tayari hata kabla kifurushi hakijaanza kufunguliwa. `Conflicts` na `Breaks` hukataza kuishi pamoja, ya kwanza moja kwa moja, ya pili kwa masharti mepesi zaidi. `Provides` huruhusu kifurushi kujibu kwa jina lisilo lake. `Recommends` na `Suggests` hazivunji chochote zikipuuzwa, na hazitajadiliwa.

Sharti la utegemezi huambatana mara kwa mara na toleo, na kanuni ya kulinganisha matoleo ina mitego yake. Tarakimu hulinganishwa kama namba, hivyo 1.10 ni kubwa kuliko 1.9. Alama ya wimbi hushusha: 3.0.11-1~deb12u2 ni dogo kuliko 3.0.11-1, ingawa kwa macho linaonekana kuwa refu na hivyo kuwa jipya zaidi. Namba itanguliayo nukta pacha hushinda yote yanayofuata, kiasi kwamba 1:2.0 ni kubwa kuliko 3.5. Msimamizi anayekadiria kwa macho hukosea hapa. Amri ya `dpkg --compare-versions` ipo kwa ajili hiyo, na ni ajabu kwamba hutumiwa kwa nadra.

Hali ya kila kifurushi huandikwa katika faili la `/var/lib/dpkg/status`. Usakinishaji hupita katika vituo. Kwanza mafaili hutolewa na kuwekwa diskini. Kifurushi kikifika hapo huitwa kilichofunguliwa, nacho huonekana kwa alama iU katika orodha ya `dpkg -l`. Kisha skripti ya usanidi huendeshwa. Ikifaulu, alama huwa ii. Ikishindwa, alama huwa iF, yaani usanidi umeishia njiani. Kazi ikikatika wakati mafaili yenyewe yanawekwa, alama huwa iH. Herufi hizi mbili mbili ni taarifa ya kwanza ambayo mrekebishaji anapaswa kuisoma. Wengi huipita na kwenda moja kwa moja kwenye sentensi ya mwisho ya kosa, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye habari kidogo kuliko zote.

3.0 Aina tatu za uharibifu

Aina ya kwanza ni uharibifu wa hali: mahusiano yote yanatimizika, vifurushi vyote vipo, lakini kazi haikukamilika. Umeme umekatika baada ya kufungua na kabla ya kusanidi, au skripti ya usanidi imegoma kwa sababu ya nje. Upakuaji uliokatika, ambao katika maeneo yenye intaneti dhaifu hulaumiwa kwanza, kwa kawaida si mkosaji. APT hulinganisha jumla ya hashi ya faili na ile iliyotangazwa na hazina kabla ya kulikabidhi kwa dpkg, na faili pungufu hukataliwa mlangoni. Anayekatiza kazi kwa madhara ni umeme, au mtumiaji anayefunga terminali akidhani imekwama.

Aina ya pili ni uharibifu wa mahusiano: hakuna namna ya kuyatimiza masharti yote kwa vifurushi vilivyomo katika hazina zilizoorodheshwa. Hapa hakuna kilichokatika. Hazina mbili zisizopatana zimechanganywa, au kifurushi kimezuiwa kisipande toleo, au programu ya nje imefungashwa kwa ajili ya toleo jingine la mfumo.

Aina ya tatu ni kutopatana kwa kumbukumbu na diski. Hifadhidata inasema faili lipo, nalo halipo. Au lipo, lakini si lile. Chanzo chake kikubwa ni mkono wa mtu: aliyefuta kwa `rm`, au aliyejenga programu kutoka msimbo chanzi na kuiweka ndani ya `/usr` badala ya `/usr/local`. Debian 12 ilichukua hatua dhidi ya sura moja ya tatizo hili kwa kuitia Python ya mfumo alama kwamba inasimamiwa na vifurushi, hivyo pip hukataa kuandika humo isipolazimishwa.

Utofauti huu una uzito wa kiutendaji. Amri ya `dpkg --configure -a` hutibu aina ya kwanza, na haina lolote la kufanya kwa ya pili. Amri ya `apt --fix-broken install` hutafuta vifurushi vya kuongeza au kuondoa ili masharti yatimie. Ikitumiwa kwa uharibifu wa aina ya kwanza huweza kupendekeza kuondoa kifurushi kizima ambacho kilihitaji kumaliziwa tu. Kwa aina ya tatu zote mbili ni bubu, kwa kuwa zinasoma kumbukumbu, nayo kumbukumbu inasema mambo ni shwari. Hapo hutumika `dpkg --verify`, ambayo huyapima mafaili yaliyomo diskini, kisha usakinishaji upya wa kifurushi husika.

4.0 Visa

4.1 Sehemu ya /boot iliyojaa

Seva nyingi hutengewa sehemu ndogo ya diski kwa ajili ya kiini cha mfumo na mafaili ya kuanzishia. Kila kiini kipya kinaposakinishwa, skripti yake ya usanidi huunda faili la kuanzishia ndani ya `/boot`. Nafasi ikiisha, uundaji hushindwa, skripti hurudisha kosa, na kifurushi hubaki iF. Kifurushi kiunganishi kinachokitegemea hubaki iU, kwa kuwa kitegemezo chake hakijasanidiwa. Kuanzia hapo kila ombi la kusakinisha chochote, hata kihariri cha maandishi, hurudi na kosa, kwa sababu dpkg hujaribu tena kumalizia kazi iliyobaki na kugonga ukuta uleule.

Kwa mtazamaji, mfumo mzima umevunjika. Kwa hakika hakuna uhusiano hata mmoja usiotimizika. Kilichokosekana ni megabaiti kadhaa za nafasi. Kuiendesha tena `apt --fix-broken install` hakuleti kipya, na kuomba APT iondoe viini vya zamani huweza kukataliwa, kwa kuwa APT hudai mahusiano yanyooke kwanza. Njia ni kushuka ngazi moja. Kiini kinachoendesha mashine kwa wakati huo hutambuliwa kwa `uname -r`, viini vilivyosakinishwa huorodheshwa kwa `dpkg -l 'linux-image-*'`, kisha kimoja cha zamani ambacho si hicho kinachoendesha huondolewa kwa `dpkg --purge`. Nafasi ikipatikana, `dpkg --configure -a` humalizia kilichosimama.

Kosa linalotendwa mara kwa mara katika kisa hiki ni kufuta mafaili ya `/boot` kwa mkono. Nafasi hupatikana kweli, na usanidi hupita. Lakini hifadhidata itaendelea kuamini kwamba kiini cha zamani kipo, na uharibifu wa aina ya kwanza umegeuzwa kuwa wa aina ya tatu, ambao hautatoa ujumbe wowote mpaka siku mtu atakapotaka kuanzisha mashine kwa kiini hicho.

Katika mazingira hayohayo ya haraka huzuka ushauri wa kufuta faili la kufuli la dpkg pale linapodaiwa kushikiliwa na mchakato mwingine. Ushauri huo ni wa hatari, na sababu yake ni ya kimuundo. Kufuli si faili lenyewe. Ni dai ambalo mchakato unaloendesha dpkg umeliweka juu ya faili hilo kupitia kiini. Faili likifutwa, mchakato wa kwanza hubaki na dai lake juu ya faili lisilo na jina tena, na mchakato wa pili huunda faili jipya lenye jina lilelile na kulidai. Wote wawili sasa huamini kwamba wako peke yao, na wote huandika katika hifadhidata moja. Linalofaa ni kuutambua mchakato unaoshikilia. Mara nyingi ni huduma ya masasisho ya usalama inayojiendesha yenyewe, na kuisubiri dakika chache hutosha.

4.2 Programu inayodai libssl1.1

Debian 11 ilikuja na OpenSSL 1.1.1, ambayo maktaba yake hufungashwa kwa jina libssl1.1. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ilihamia OpenSSL 3, na kifurushi kikawa libssl3. Namba imo ndani ya jina kwa makusudi: maktaba ambazo violesura vyake vya jozi haviafikiani hupewa majina tofauti ili ziweze kuishi pamoja katika mashine moja. Taasisi iliyonunua programu kwa ajili ya Debian 11 na ikapandisha seva yake hadi 12 hukutana na kifurushi kinachodai libssl1.1, na hazina za Debian 12 hazina kitu hicho.

Huu ni uharibifu wa aina ya pili, na uthibitisho wake ni mwepesi: `apt-cache policy libssl1.1` haionyeshi toleo lolote la kusakinishwa. Tiba zinazopendekezwa na wajuzi wa mitaani ni tatu, nazo hazilingani kwa ubaya.

Ya kwanza ni kuilazimisha dpkg ipuuze utegemezi. Kifurushi kitasakinishwa na programu haitaanza, kwa kuwa maktaba inayoitafuta haipo. Zaidi ya hayo, APT itauona mfumo kuwa umevunjika, nayo mara ya kwanza itakapoombwa kurekebisha itaiondoa programu hiyo hiyo.

Ya pili ni kuunda kiungo cha faili chenye jina la maktaba ya zamani kinachoelekeza kwenye mpya. Hii hudanganya jina tu. Alama zilizomo ndani ya OpenSSL zimetiwa chapa ya toleo, na kipakiaji kinapozitafuta alama za 1.1 ndani ya maktaba ya 3 hakizipati; programu hufa inapoanza. Afadhali ife hapo. Maktaba isiyo na chapa za toleo katika alama zake ingeruhusu programu ianze na kukosea baadaye, kimyakimya.

Ya tatu ni kupakua libssl1.1 kutoka hazina ya Debian 11 na kuisakinisha. Kwa mantiki ya utegemezi hakuna cha kulaumu: majina ni tofauti, mafaili hayagongani, masharti yanatimia, APT inaridhika. Programu hufanya kazi. Hapo ndipo ilipo hatari yake, kwani wasanidi wa OpenSSL walimaliza kuhudumia mfululizo wa 1.1.1 hadharani Septemba 2023, na maktaba iliyosakinishwa kwa njia hii haitapandishwa na sasisho lolote la Debian 12. Mashine inakuwa na maktaba mbili za usimbaji, moja inayotunzwa na nyingine yatima, na hakuna amri ya kawaida ya masasisho itakayoikumbusha taasisi juu ya yule yatima.

Palipo na msimbo chanzi, kuijenga upya programu dhidi ya libssl3 ndilo suluhisho. Pasipo na msimbo, kuifungia programu ndani ya kontena lenye mazingira ya Debian 11 ni bora kuliko kuyaingiza mazingira hayo katika mwili wa seva. Udhaifu wa maktaba hautoweki ndani ya kontena, lakini unakuwa na anwani: unajulikana ulipo, nani anautumia, na siku gani utaondolewa pamoja na programu iliyouleta.

Wapo pia wanaoongeza mstari mzima wa hazina ya toleo jingine la Debian. Kuongeza hazina ya zamani kuna madhara machache, maana APT huchagua toleo kubwa zaidi. Kuongeza hazina mpya ni jambo jingine kabisa: libc6 mpya huvutwa na kifurushi kimoja, nayo huvuta vingine, na baada ya miezi michache mfumo si wa toleo hili wala lile. Katika maandishi ya mradi wa Debian zao la mchanganyiko huo limepewa jina la FrankenDebian. Kurudi nyuma ni kugumu kuliko kwenda mbele, kwa kuwa Debian haihudumii ushushaji wa matoleo. Skripti za usanidi huandikwa kwa ajili ya kupanda. Kipaumbele kinachozidi 1000 katika mapendeleo ya APT huruhusu kushusha, lakini kuruhusu si kuahidi kwamba data za huduma zitasomeka baada ya hapo.

4.3 Pop!_OS, Novemba 2021

Mtengenezaji wa video wa Kanada, Linus Sebastian, aliamua kutumia Pop!_OS kwa majaribio ya hadharani. Alitaka kusakinisha Steam. Duka la picha la mfumo lilikataa, hivyo akaingia katika terminali na kutumia APT. Steam huhitaji maktaba za biti 32 kando ya zile za biti 64, na kanuni ya Debian ni kwamba maktaba moja inayosakinishwa kwa usanifu miwili kwa njia hiyo lazima iwe na toleo lilelile pande zote. Katika hazina, upande wa biti 32 ulikuwa umebaki nyuma. Masharti hayakuweza kutimizwa pamoja na mazingira ya mezani yaliyokuwapo, na APT ikatoa suluhisho sahihi kihesabu: sakinisha Steam, ondoa mazingira ya mezani.

Onyo lilitolewa kwamba vifurushi vya lazima vitaondolewa, na mtumiaji akatakiwa aandike kwa Kiingereza sentensi yenye maana ya “Ndiyo, fanya nisemavyo!” Aliiandika. Mashine ilibaki na terminali tupu.

Kisa hiki kimejadiliwa zaidi kama swali la nani wa kulaumiwa, na mjadala huo haujazaa sana. Cha manufaa zaidi ni kuuliza kwa nini zana ya kurekebisha mahusiano inaweza kufikia jibu la namna hiyo. Watafiti wa mradi wa Ulaya wa EDOS walionyesha mwaka 2006 kwamba kuamua iwapo kifurushi kinaweza kusakinishwa ni tatizo la kundi la NP-kamili. Katika hali mbaya kabisa, basi, hakuna njia ya haraka inayojulikana. APT ya miaka hiyo ilitumia kanuni za makadirio: kila kifurushi kilipewa alama kulingana na umuhimu wake na idadi ya vinavyokitegemea, na chenye alama ndogo kilitolewa mhanga. Kanuni hizo hupata majibu mazuri mara nyingi mno, kiasi kwamba watumiaji huzoea kukubali bila kusoma. Nia ya mtumiaji haimo katika hesabu. APT haikujua kwamba mtu anayetaka mchezo wa kompyuta anataka pia skrini ya kuuchezea.

Baada ya tukio, wasanidi wa APT waliondoa uwezekano wa kuandika sentensi ile na kuendelea. Anayetaka kuondoa vifurushi vya lazima sasa hulazimika kutoa chaguo la wazi katika amri yenyewe. APT 3.0, iliyotoka mwaka 2025, imeleta kitatuzi kipya kinachoweza kurudi nyuma katika uamuzi wake na kujaribu njia nyingine.

5.0 Mpangilio wa hatua

Kutokana na visa hivi, mpangilio wa kazi huanza na kusoma. `dpkg --audit` hutaja vifurushi vilivyoishia njiani, `/var/log/apt/history.log` hutaja amri ya mwisho iliyotolewa na vifurushi ilivyogusa. `apt-mark showhold` hutaja vilivyozuiwa. Kisababishi cha nje, kama nafasi ya diski au huduma iliyogoma, huondolewa kabla ya kurudia usanidi. Ndipo APT huitwa, na huitwa kwanza kwa chaguo la `-s`, linaloonyesha itakachofanya bila kukifanya. Orodha ya vitakavyoondolewa ndiyo inayostahili kusomwa jina kwa jina. Ikiwa na kifurushi ambacho msimamizi hawezi kueleza kwa nini kinaondoka, kazi husimama hapo, na `aptitude why` huulizwa ni nani anayekihitaji.

Chaguo za kulazimisha za dpkg zina mahali pake, lakini ni padogo. `--force-overwrite` inakubalika pale vifurushi viwili vinapodai faili moja na imethibitishwa kwamba yaliyomo ni yaleyale, kosa la mfungashaji ambalo hutokea. `--force-depends` huweza kutumika kuondoa kifurushi kibovu ili kiwekwe kizima dakika hiyohiyo. Nje ya hapo kila chaguo la kulazimisha ni deni lililoandikwa katika hifadhidata, na litadaiwa na amri inayofuata.

Iwapo faili la hali lenyewe limeharibika, dpkg huacha nakala iliyotangulia kwa jina la `status-old`, na nakala za siku zilizopita huwekwa katika `/var/backups`. Iwapo dpkg yenyewe haiendeshi, umbo la kifurushi cha Debian linatoa mlango wa mwisho: ni kasha la `ar` lenye makasha mawili ya `tar` ndani yake, na zana hizo mbili huweza kupatikana katika mfumo wa kuanzishia kutoka diski ya nje. Mafaili ya dpkg hutolewa kwa mkono na kurudishwa mahali pake, kisha dpkg iliyofufuka huamriwa ijisakinishe upya kwa njia ya kawaida, ili kumbukumbu na diski zipatane tena.